Daktari wa Bure

Jumamosi, tarehe 14 Machi, saa saba na dakika ishirini mchana. Jua la utosi, mbingu haina hata kipande cha wingu, upepo umekufa ghafla na miavuli yote ya ufukweni imesimama kimya kama askari gwarideni.

Saa hiyo, msomaji, ndiyo tuliyomwacha Kiranja katika toleo la juma lililopita akiwa ameshikwa mkono na mwanamke aliyelowa maji mpaka kifuani. Mwanamke huyo alikuwa akipiga kelele kwa lugha ya ugenini na kuuvuta ule utepe wa kijani uliofungwa mkononi mwa Kiranja, kana kwamba alitaka kuung'oa pamoja na mkono wenyewe.

“Anasemaje huyu?” Kiranja aliuliza.

Shemeji yake, Wakala, aligeuza macho baharini. 

“Shemeji, nakuuliza. Mama huyu anasemaje?”

“Anasema... twende. Twende naye mara moja.”

“Wapi?”

Jibu halikungojwa. Mwanamke yule, mtunza viti wa ufuko ule ambaye sisi tumemzoea kwa jina la Mama Viti, alikuwa tayari anakimbia, na Kiranja nyuma yake akiburutwa kama mkokoteni.

Kwenye mchanga mbichi alikuwa amelazwa mzee mmoja aliyevaa kofia ya bluu ya kuogelea. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. Waogeleaji wawili waliokuwa wamemtoa majini walikuwa wamepiga magoti kando yake, wanahema, hawajui la kufanya. Watu wengine walikuwa wamefanya duara.

Na duara lote lilimtazama Kiranja. Lilimtazama jinsi watu waliofungiwa nje wanavyomtazama mwenye funguo.

Sasa, kwa yule aliyeanza kutusoma leo: Kiranja ni mkaguzi wa mizani. Kazi yake ni kupita sokoni na madukani, kuinua mawe ya mizani moja moja, na kumfungulia kesi muuzaji anayempunja mnunuzi. Jina hilo alilipata bwenini, nalo halijamtoka mpaka leo. Katika maisha yake yote hajawahi kumpa mtu hata kidonge cha kichwa.

Wakala ni wakala wa bima, kaka wa mke wake, na waliwahi kulala vitanda vya jirani katika shule moja. Yeye ndiye anayeijua lugha ya nchi hii, kwa kuwa aliwahi kuishi huku. Kiranja haijui hata ya kuombea maji.

“Mimi si daktari!” Kiranja alisema kwa sauti. “Shemeji, waambie. Upesi! Mimi si daktari!”

Wakala alisogea mbele. Akainua mikono yote miwili, akasema maneno matatu au manne kwa lugha yao.

Duara zima likarudi nyuma hatua mbili. Kimya kikatanda.

Kiranja aligeuka. “Umewaambia nini?”

“Hicho hicho ulichosema.”

“Mbona wanarudi nyuma? Mbona hakuna anayekimbia kumwita mtu?”

“Watu wa huku wana heshima zao, shem. Wewe inama tu. Jifanye unampapasa kidogo. Atazinduka mwenyewe.”

“Jifanye?”

Ndipo sauti ya mwanamke ilipopasua kimya kile kutoka nyuma ya duara, na ilipasua kwa Kiswahili.

“Kaka, huyo mwenzako anakudanganya! Amewaambia daktari anataka nafasi afanye kazi yake!”

Alikuwa mwanamke wa makamo, aproni imemloa tumboni, glavu za kuoshea vyombo bado mikononi. Alikuwa ametoka mbio jikoni mwa mgahawa wa ufuko aliposikia kelele. Hakungoja ruhusa ya mtu. Aliwageukia wale watu na kuwafokea kwa lugha yao, mkono mmoja ukimwonyesha Kiranja na mwingine ukionyesha ng'ambo ya barabara.

Duara likavunjika. Kijana mmoja wa miraba minne alichomoka mbio pekupeku juu ya lami ya moto. Mama Viti alishika kichwa kwa mikono miwili. Na Kiranja, asiyejua kitu, alifanya kitu kimoja tu alichoweza: alipiga magoti, akamgeuza mzee yule kwa ubavu ili maji yamtoke mdomoni, akamshikilia hivyo hivyo.

Muuguzi wa ufuko alifika mdomo umejaa chakula. Alikitema mchangani, akamsukuma Kiranja pembeni bila kumtazama, akaanza kazi. Alikandamiza kifua, akapuliza, akakandamiza tena. Ilikuwa kazi ya mtu anayeijua, na kuitazama ilikuwa sawa na kupigwa kofi.

Mzee alikohoa. Maji yakamtoka, kisha sauti, kisha maneno.

“Anasemaje?” Kiranja aliuliza.

“Anatukana,” alijibu yule mwanamke wa jikoni, akijipangusa jasho kwa kiwiko. “Anauliza nani amemvua miwani yake. Ataishi huyo.”

Watu walipiga makofi. Kiranja hakupiga. Aliinuka polepole, mchanga umemganda magotini, akaunyoosha mkono wake wa kushoto mbele ya uso wa mwanamke yule.

“Dada, umesema Kiswahili. Nisomee. Huu utepe umeandikwa nini?”

“Hukuambiwa?”

“Niliambiwa asubuhi wageni hupewa bure.”

Dada wa Jikoni, na tumwite hivyo kuanzia sasa, alimtazama Wakala, kisha akamtazama Kiranja, kisha akacheka kicheko kifupi kisicho na furaha.

“Kaka, hapa umeandikwa: Daktari wa zamu.”

*

Hebu tuurudie mkasa huu asubuhi yake, kwa ufupi, maana hasira isiyojua chanzo chake ni ya bure.

Walikuwa wamekubaliana. Siku moja ya bahari, kwa matumizi madogo kabisa: basi la alfajiri ambalo nauli yake ni nafuu, mayai ya kuchemsha, mkate, chupa ya maji iliyogandishwa usiku kucha kwenye friji ya nyumba ya wageni, na shuka la kujitandia kivuli. Kamba imeugawa ufuko, na upande wa kushoto ni wa umma. Mchanga wake ni bure, bahari yake ni ile ile. Kiranja alikuwa ameridhika kabisa, kwani kwake yeye kubana matumizi ni jambo la heshima. Unakula ulichobeba, unakaa unaporuhusiwa, hudaiwi na mtu.

Wakala aliutazama mchanga ule wa bure na sura ikamkunjamana.

“Shem, nimevuka mipaka nije kulala juani kama kasa?”

“Kasa hana deni,” Kiranja alimjibu, akaenda kubadili nguo.

Aliporudi, Wakala alikuwa amekwisha kuvuka kamba. Alikuwa amelala kwenye kiti kirefu chini ya mwavuli, upande wa kulia, upande wa kulipia, na mkononi alikuwa na tepe mbili. Nyeupe yake. Ya kijani ya shemeji.

“Asubuhi wageni hupewa bure,” alisema. “Lete mkono.”

Kiranja, mtu asiyeliamini jiwe la mizani mpaka alinyanyue kwa mkono wake mwenyewe, alimwamini kaka wa mkewe. Alileta mkono.

*

“Bure ya hapa ina sharti lake,” Dada wa Jikoni alieleza, walipokuwa wamesimama kando ya bafu huku gari la wagonjwa likiondoka na yule mzee. “Daktari aliye likizoni, yeye na mwenzake, hupewa kiti, mwavuli na bafu bila kulipa. Naye anakubali kushika zamu. Akiwapo yeye, muuguzi anaruhusiwa kwenda kula. Asipokuwapo, muuguzi akiondoka tu bendera nyekundu inapandishwa na watu wote wanatoka majini mpaka arudi.”

Kiranja alitazama mlingoti. Ulikuwa mtupu.

“Kwa hiyo leo bendera haikupandishwa kwa sababu yangu.”

“Kwa sababu ya huo mkono wako, ndiyo.”

Kiranja alimgeukia shemeji yake. Hakupaza sauti. Waliolala naye bweni moja waliijua sauti ile ya chini, na walikuwa wakiiogopa kuliko fimbo ya mwalimu.

“Ulilijua sharti hili?”

“Shem, sikiliza—”

“Ulilijua au hukulijua?”

“Nililijua! Sasa? Nani angefikiri kuna mtu atazama? Bahari yenyewe imelala kama maji ya beseni! Nimekutafutia kivuli, umelala chini yake saa tatu nzima, hukulalamika. Sasa mambo yameharibika ndiyo unanikazia macho kama mkuu wa shule?”

“Mtu alikuwa anakufa, ukaniambia nijifanye.”

“Hakufa.”

“Uliwarudisha watu nyuma!”

“Nilipaniki! Wewe hupaniki? Ah, nimesahau, wewe ni Kiranja. Unalala na tai.”

“Kubana matumizi ni kutumia kidogo kilicho chako, bwana wee. Wewe ulichofanya ni kunyonya. Umenyonya kinga ya watu wazima na watoto waliokuwa majini, ili upate mahali pa kuegemeza mgongo.”

“Haya, hotuba. Tupange mstari tuimbe na wimbo wa shule?”

Dada wa Jikoni alisonya. “Huyu shemeji yako akitafsiri sala, huko juu watapokea ankara.”

“Na wewe nani amekuita?” Wakala alimgeukia. “Sufuria zimekwisha?”

“Sufuria zangu haziui mtu, kaka.”

Pengine wangefika mbali zaidi, msomaji, lakini mlango wa ofisi ulifunguliwa na Meneja akatoa kichwa. Alisema neno moja tu. Halikuhitaji mkalimani.

*

Ofisi ya Meneja ilikuwa chumba kidogo chenye harufu ya mafuta ya kupaka juani. Feni ilizunguka kwa kuchechemea. Ukutani palikuwa na misumari yenye funguo, na pembeni miavuli mibovu ilikuwa imerundikwa juu ya taulo ambazo hazijafuliwa. Meneja alikuwa mwanamume mkavu, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni. Hakumkaribisha mtu kiti.

Mama Viti alisimama karibu na mlango, nguo zikimdondokea maji sakafuni. Hakuzikamua.

“Dada,” Kiranja alimwambia mwanamke wa jikoni, “utanitafsiria wewe. Huyu basi.”

“Haki ya mtu kujisemea mwenyewe!” Wakala alipinga.

“Jisemee. Yeye ataniambia ulichosema.”

Meneja alianza na Mama Viti. Dada wa Jikoni alitafsiri kwa sauti ya chini, neno kwa neno.

“Anamuuliza kanuni inasemaje. Mama anajibu: sitoi utepe wa kijani mpaka nione kitambulisho cha udaktari. Anamuuliza: ulikiona? Anajibu: nilikiona. Anamuuliza: cha nani? Anasema yule mwembamba, huyo shemeji yako, alimwonyesha kadi yenye picha ya moyo na msalaba mwekundu, maandishi ya kigeni, akamwambia mwenzangu ni daktari bingwa, anabadili nguo, ni mtu wa aibu, msimsumbue.”

Kadi yenye moyo na msalaba! Kiranja aliijua vizuri. Shemeji yake huigawa kwenye misiba na harusi. Ni kadi ya kampuni ya bima.

“Toa kadi,” alisema.

“Kadi gani?”

“Toa.”

Wakala hakutoa. Badala yake alivuta pumzi, akaweka uso wa mtu aliyeonewa, akaanza kuzungumza na Meneja kwa kirefu na kwa upole mkubwa. Mara moja alimwonyesha Mama Viti kwa kidole. Mara moja aligusa mfuko wake wa suruali.

Kabla tafsiri haijaja, Mama Viti alipiga ukelele.

“Anasemaje?” Kiranja aliuliza. Alihisi masikio yanamwaka moto.

 Utani wote ulikuwa umemtoka Dada wa Jikoni usoni.

“Anasema hakuonyesha kadi yoyote. Anasema mama huyu ndiye aliyewaita kutoka upande wa bure. Akawaambia semeni mmoja wenu ni daktari, nitawapa viti, nanyi mnipe chochote kitu. Anasema alimpa. Na anasema wewe ulikuwapo, uliona.”



Meneja alinyoosha kiganja juu ya meza. Mama Viti aliingiza mkono ndani ya nguo yake iliyolowa, akatoa ufunguo mmoja uliofungwa kwa uzi, akauweka mezani. Vidole vyake havikutaka kuuachia.

“Ufunguo wa nini huo?”

“Chumba chake,” alisema Dada wa Jikoni. “Nyuma ya stoo ya miavuli. Ndipo anapolala. Kazi ikiondoka na chumba kinaondoka. Leo hii, kaka, kabla ya giza. Huko nje hana mtu.”

Mama Viti hakulia. Alimtazama Kiranja tu. Alikuwa amemwamini kwa sababu ya utepe, na sasa alimtazama kwa sababu hakuwa na mwingine wa kumtazama.

Meneja alisema neno na kumwelekezea Kiranja kalamu yake.

“Anataka kauli yako,” Dada wa Jikoni alitafsiri. “Utepe ulikuwa mkononi mwako, kwa hiyo neno lako ndilo la mwisho. Kama mama huyu aliwaomba chochote, yeye anaondoka, nyinyi mnakwenda zenu. Kama hakuomba, basi mlijiita madaktari nyinyi wenyewe. Gari la wagonjwa limekwisha kutoa taarifa, na polisi wako njiani. Na kaka... anasema kisheria mdanganyifu ni aliyeuvaa.”

Hapo ndipo Wakala alipomshika shemeji yake bega.

“Umesikia?” alisema kwa Kiswahili, upesi upesi. “Aliyeuvaa! Si mimi. Wewe. Mkaguzi wa mizani mwenye kesi ya udanganyifu ugenini. Ukirudi utakagua nini? Watakupa hata ufagio? Tikisa kichwa tu, shem. Mara moja. Hata kusema huna haja.”

“Ondoa mkono.”

“Yule mama ni nani kwako? Humjui jina. Kesho asubuhi tuko kwenye ndege, hutamwona tena mpaka unaingia kaburini.”

“Ondoa mkono begani kwangu, shemeji.”

Wakala aliuondoa. Na msomaji, alipouondoa, uso wake ulibadilika. Ule mzaha uliokuwa kinga yake siku zote uliteremka, na chini yake palikuwa na kitu cha zamani, kigumu na cha kweli.

“Sawa,” alisema. “Sikutaka kulisema hili. Mama yako alipopooza, ulikuwa wapi?”

Kiranja aliutazama ufunguo ule mezani.

“Ulikuwa kozini. Ulisema ukiondoka utapoteza cheo. Nani aliyekwenda? Dada yangu alikuwa na mimba kubwa, hawezi kuinama. Nilikwenda mimi. Nilifunga ofisi. Nilimgeuza kitandani asubuhi, mchana na usiku ili asichubuke mgongo. Nilimlisha uji kwa kijiko. Nilimwosha, shem. Mama yako mzazi, nilimwosha mimi kwa mikono hii, nikamfunika, nikamwimbia nyimbo za bwenini mpaka akalala. Uliporudi ulinishika miguu. Ulisema nini?”

“Nilisema nina deni kwako.”

“Ulisema siku nikikuita, utaitika. Leo nakuita.”

Dada wa Jikoni aliinamisha macho. Alikuwa ameacha kutafsiri. Meneja aligonga meza kwa kalamu, akatazama saa yake.

Na Kiranja? Tusimpambe. Yote aliyoambiwa yalikuwa kweli tupu. Alimwona mama yake kitandani, ametulia, shuka safi, mgongo bila kidonda hata kimoja. Hasira iliyomjaa kifuani ilikuwa ya pande mbili sasa, na upande mmoja ulikuwa unamla yeye mwenyewe. Angekuwa anadaiwa na mtu mwovu, mambo yangekuwa mepesi. Alikuwa anadaiwa na mtu aliyewahi kumtendea wema mkubwa kuliko wote.

Wakala aliona amesitasita. Hakupoteza muda. Alichomoa simu, akabonyeza, akaiweka sauti ya juu.

“Haloo?” Ilikuwa sauti ya mwanamke. Nyuma yake watoto walikuwa wanagombana. “Kaka! Bahari ikoje?”

“Dada, tumepata matatizo. Mumeo anataka kunifunga.”

“Anataka nini? Nyie hebu nyamazeni huko! Kukufunga vipi? Yuko wapi?”

“Yuko hapa. Ongea naye.”

Kiranja aliipokea simu. Alimweleza mke wake yote, kwa kifupi, bila kujipaka mafuta: utepe, muuguzi, mzee, yule mama na ufunguo wake. Mke wake alimsikiliza mpaka alipomaliza.

“Huyo mzee amepona?”

“Amepona.”

“Basi hakuna aliyekufa. Baba watoto, nisikilize vizuri. Kaka yangu ni mjinga. Nimeijua hiyo tangu tukiwa wadogo, hunipi habari mpya. Lakini huyo mjinga alimsitiri mama yako, na mimi nilikuwepo. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda, tumbo limenijaa, namtazama anafanya kazi ambayo wewe ulipaswa kuifanya. Hakuwahi kukudai. Leo ndiyo mara ya kwanza.”

“Mama watoto, anayetakiwa kulipa si mimi. Ni mwanamke mwingine. Kaka yako ananitaka nichukue chumba cha mtu nilipie deni langu.”

“Atapata chumba kingine. Wewe utapata kaka mwingine wa kumwosha mama yako?”

Kiranja alifumba macho.

“Kumwosha yeye, nitamwosha,” alisema taratibu. “Kaka yako akianguka kesho, nitafunga ofisi. Nitamgeuza, nitamlisha, nitamwosha kwa mikono yangu, mwaka mzima ikibidi, na sitamkumbusha. Hilo ni deni langu, nalikiri mbele yake. Lakini deni langu halipimwi mizanini kwa nyama ya mtu mwingine. Huyu mama hakumdai mtu kitu. Aliomba kitambulisho, akaonyeshwa uongo. Nikimtia hatiani nitakuwa nimefanya nini cha tofauti na wale ninaowapeleka mahakamani?”

“Unanihutubia mimi? Mimi mkeo?”

“Nakuambia.”

Nje, breki za gari zilisikika kwenye changarawe. Milango miwili ilifungwa, mmoja baada ya mwingine. Wakala alichungulia dirishani, na rangi ikamtoka usoni.

“Shem,” alisema, na sauti yake sasa ilikuwa ya yule mvulana wa kitanda cha jirani. “Shem, tafadhali. Wamekuja.”

Kiranja aliibana simu kati ya sikio na bega. Aliushika utepe wa kijani kwa meno, akaukata, akauweka mezani mbele ya Meneja. Kisha akauchukua ule ufunguo wenye uzi na kumpa Mama Viti mkononi.

“Dada, tafsiri,” alisema. “Utepe niliuvaa mimi. Aliyeuchukua kwa uongo ni shemeji yangu, na kadi aliyoionyesha iko kwenye pochi yake, mfuko wa nyuma. Mama huyu hakutuita na hakutuomba hata senti. Niko tayari kulisema hilo mbele ya polisi, na kama ni kufungwa, tufungwe wote wawili.”

Dada wa Jikoni alitafsiri, na safari hii hakunong'ona. Meneja aliinuka kitini. Mama Viti alifumba vidole juu ya ufunguo wake, akauegemea ukuta.

Simu ilikuwa bado inasikiza. 

“Nimesikia,” alisema mke wake. Alikuwa akilia, lakini kila neno lilikuwa limenyooka. “Sasa na wewe unisikie. Ukimwacha kaka yangu aingie kwenye gari la polisi, utakuta kitasa kipya mlangoni na nguo zako kwa jirani. Sitanii. Bado hajaingia. Bado unaweza kusema umekosea. Nakuuliza mara moja tu, baba watoto: hilo deni la mama yako, leo, unalipa au hulipi?”

Askari wawili walikuwa wamesimama mlangoni. Mmoja aliuliza swali fupi, na Meneja akamnyooshea Wakala kidole.

“Kwa jasho langu nitalipa siku yoyote atakayoniita,” alisema Kiranja. “Kwa chumba cha mama huyu, silipi.”

Akamrudishia shemeji yake simu.